Caroline Wozniacki na hesabu za duara

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mtaniwia radhi, ni mambo ya kutafuta mkate. Leo naomba tuweke pembeni siasa, tuweke pembeni Simba na Yanga, tuongelee tenisi. Najua kuna watakaosema "ah, huyu naye" na kuondoka zao. Watakaobaki tutakwenda pamoja taratibu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 27 Januari 2018, nilikuwa nyumbani Mkwajuni. Kwa wasiopajua, Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Zamani tulihesabiwa Chunya, mkoa wa Mbeya, mpaka mkoa mpya wa Songwe ulipoanza mwaka 2016. Ni nchi ya dhahabu. Ukitembea njiani unasikia makarasha yakisaga mawe, na vijana wenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope wakirudi kutoka kwenye maduara. Kiwanja cha tenisi sijawahi kukiona pale tangu nizaliwe.

Basi asubuhi ile, kama saa tano na nusu, nikaenda kwenye banda la kuonyeshea mpira. Mechi za Uingereza zilikuwa bado mpaka alasiri, banda halina mtu, mwenye banda anafagia. Nikamwomba: mzee wangu, niwekee chaneli ya michezo, kuna fainali Australia. Akaniangalia kama mtu aliyeomba kuonyeshwa mapishi. Lakini akaweka. Ilikuwa fainali ya wanawake ya Australian Open, Caroline Wozniacki wa Denmark na Simona Halep wa Romania.

Polepole watu wakaingia, wengi wachimbaji waliokuwa wakisubiri mpira. Mwanzoni walicheka zile kelele za wachezaji. Baadaye wakanyamaza. Baadaye tena wakaanza kuchagua upande. Ikabidi niwe mtangazaji. Nikawaeleza kwamba huyu Mdenmark alishawahi kuwa namba moja wa dunia miaka ya nyuma, lakini hajawahi kushinda hata kombe moja kubwa, na hii ni mara yake ya tatu fainali.

Hapo yakatoka maswali mawili ambayo sijayasahau mpaka leo. La kwanza la mwenye banda: "Sasa mwanangu, kama hana kombe, huo unamba moja aliutoa wapi?" La pili la mzee mmoja mwenye duara lake: "Na miaka yote hiyo anayotafuta, alikuwa analishwa na nani?"

Siku ile niliyajibu juujuu. Nimeona leo niyajibu vizuri, maana ndani ya maswali hayo mawili imo historia nzima ya yule dada, na imo pia habari yetu sisi.

Tuanze na la kwanza. Wozniacki alizaliwa Odense, Denmark, tarehe 11 Julai 1990. Mwaka 2006 alishinda Wimbledon ya wasichana chini ya miaka 18, akiwa hajatimiza 16. Agosti 2008 akachukua taji lake la kwanza la wakubwa, Stockholm, na mwaka huohuo akaongeza mengine mawili. Septemba 2009 akafika fainali ya US Open akiwa na miaka 19. Akafungwa 7-5, 6-3 na Kim Clijsters, Mbelgiji aliyekuwa amestaafu, akaenda kuzaa, kisha akarudi na kupewa nafasi ya upendeleo kwenye mashindano yale.

Tarehe 11 Oktoba 2010 Wozniacki akawa namba moja duniani. Hakuna mwanamke wa nchi za Skandinavia aliyewahi kufika hapo kabla yake. Mwaka ule alishinda mataji 6, na mwaka uliofuata, 2011, akashinda mengine 6. Alimaliza miaka yote miwili akiwa kileleni. Lakini katika mataji hayo 12 hakuna hata moja la Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa: Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open.

Inawezekanaje? Ndugu msomaji, orodha ya ubora wa tenisi haiulizi nani bora kwa macho. Inajumlisha. Kila shindano lina pointi zake. Bingwa wa Grand Slam anapata 2,000, wa mashindano ya kati mia kadhaa, na wa yale madogo kabisa hazizidi 15. Kila pointi inaishi wiki 52 tu. Ni kama bando la simu: usipolitumia linakwisha lenyewe, ukitaka kuendelea kuongea lazima ununue jingine. Ulichoshinda Oktoba mwaka jana kinafutwa Oktoba mwaka huu, na ukitaka kubaki pale pale inabidi ukishinde tena.

Mwaka 2010 Serena Williams alishinda Australian Open na Wimbledon. Baada ya Wimbledon akakanyaga kioo kilichopasuka, mguu ukashonwa, na hakucheza tena mpaka mwaka ukaisha. Pointi zake za nyuma zikaendelea kuyeyuka wiki kwa wiki. Wozniacki yeye alikuwa anacheza tu: leo Montreal, wiki inayofuata New Haven, mara Tokyo, mara Beijing, na yote hayo manne alishinda. Kwa hiyo mzee wangu mwenye banda, jibu lako ni hilo. Serena alikuwa na makombe mawili makubwa, Wozniacki alikuwa na mahudhurio. Orodha ikafanya hesabu yake.

Hapa ndipo waandishi wenzangu wa dunia walipomwandama. Kila mkutano na waandishi, kila nchi, swali lilikuwa lile lile: unajionaje kuwa namba moja bila Grand Slam? Aina yake ya uchezaji ikawa ushahidi dhidi yake. Hakuwa mtu wa kupiga mipira ya kuua. Alikuwa ukuta. Anakimbia, anarudisha, anakimbia, anarudisha, mpaka mwenzake anachoka na kukosea. Wakasema huo siyo ubingwa, ni uvumilivu. Mimi nikiwa mwandishi nakiri kwamba hata sisi tunapenda sana sentensi ya namna ile, "namba moja asiye na kombe". Ni fupi, inauma, na haihitaji kumweleza msomaji habari za wiki 52.

Januari 2012 kilele kikamponyoka. Mwaka 2014 uchumba wake na mcheza gofu Rory McIlroy ukavunjika mwezi Mei, kadi za harusi zikiwa zimeshaanza kutumwa, na habari ile ikazagaa duniani kote. Akafika tena fainali ya US Open mwaka huohuo, akafungwa na Serena. Novemba akakimbia marathoni ya New York kwa saa 3, dakika 26 na sekunde 33. Mwaka 2016 akaumia kifundo cha mguu na kuporomoka mpaka nafasi ya 74. Watu wakaanza kumwandikia tanzia ya kimichezo.

Sasa turudi kwenye ile fainali ya banda la Mkwajuni. Ili afike pale, Wozniacki ilibidi apite kwenye tundu la sindano. Katika raundi ya pili alikuwa nyuma 5-1 seti ya mwisho dhidi ya Jana Fett wa Croatia, na Fett alikuwa na nafasi mbili za kumaliza mechi. Wozniacki akaziokoa, akashinda gemu sita mfululizo, ikawa 3-6, 6-2, 7-5. Halep naye alikuwa ameokoa pointi za kuaga mashindano njiani. Tena Halep ndiye alikuwa namba moja wa wakati ule, na yeye pia hakuwa na kombe kubwa! Ikawa fainali ya waliochekwa. Mshindi anachukua kombe na anachukua unamba moja.

Walicheza saa 2 na dakika 49. Wozniacki akashinda 7-6, 3-6, 6-4. Halep mpira wa mwisho ulimgonga wavuni, Wozniacki akaanguka chini, na pale bandani mtu mmoja aliyekuwa hajui tenisi asubuhi ile akapiga meza kwa kiganja. Alikuwa Mdenmark wa kwanza kushinda Grand Slam ya mmoja mmoja. Lilikuwa Grand Slam lake la 43. Akarudi namba moja miaka sita baada ya kuondoka pale. Jumla ya wiki zake kileleni zikawa 71.

Na kama mnadhani hadithi iliishia kwenye furaha, ngojeni. Mwaka huohuo, Oktoba 2018, akatangaza kwamba ana ugonjwa wa baridi yabisi, ule ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyenyewe. Kuna asubuhi alishindwa hata kunyanyua mikono. Mtu ambaye mtaji wake wote ulikuwa kukimbia! Muda mfupi kabla ya kutangaza alikuwa ameshinda Beijing, taji lake la 30, ambalo halikupata la kulifuata. Alistaafu Januari 2020 palepale Melbourne, baada ya kufungwa na Ons Jabeur wa Tunisia. Agosti 2023 akarudi uwanjani akiwa mama wa watoto wawili, na mwezi uliofuata akafika raundi ya nne ya US Open. Zawadi zake za uwanjani zilizidi dola milioni 35.

Haya, swali la pili sasa, la mzee wa duara. Alikuwa analishwa na nani?

Wasiotoka kwenye machimbo niwaeleze kidogo. Duara ni shimo. Huwezi kulichimba peke yako. Kuna mwenye duara, kuna wachimbaji, na kuna mfadhili. Mfadhili ndiye anayetoa chakula, baruti, mashine ya kuvuta maji, miezi na miezi, kabla hata gramu moja haijaonekana. Jiwe likitoka, viroba vinagawanywa, na mfadhili anachukua fungu lake. Jiwe lisipotoka, amekula hasara. Yule mzee alimwangalia Wozniacki akikimbia akaona duara la miaka mingi, akauliza swali la mtu anayejua gharama.

Jibu lake lina tabaka. La chini kabisa ni baba na mama. Wazazi wa Wozniacki siyo Wadenmark wa asili, ni Wapolandi. Baba, Piotr, alikuwa mcheza mpira wa kulipwa, na mpira ndio uliompeleka Odense, kwenye klabu ya B 1909. Mama, Anna, alichezea timu ya taifa ya wavu ya Poland. Yaani ni watoto wa wahamiaji waliofuata kazi, kama walivyo wengi pale Tunduma na hata Mkwajuni. Baba hakuwa mtu wa tenisi, lakini ndiye aliyekuwa kocha wake kwa sehemu kubwa ya safari. Mfadhili wa kwanza alikuwa mezani nyumbani, na alikuwa ameshaishi maisha ya mwanamichezo anayelipwa.

Tabaka la pili ni nchi. Denmark ina watu wasiofika hata milioni 7, na kila mji mdogo una klabu yake. Caroline alilelewa kwenye klabu ya Køge, kusini ya Copenhagen, mji ambao wengi wetu tusingeujua bila yeye. Na kulikuwa na njia iliyokwisha kukanyagwa. Mwaka 1947, Wimbledon walipoanza kutoa ubingwa wa wavulana, aliyeuchukua alikuwa Mdenmark, Kurt Nielsen. Huyo huyo akafika fainali ya wakubwa mwaka 1953 na 1955, mara zote mbili bila kupangwa kati ya wanaotarajiwa, na mara zote mbili akashindwa. Mwaka 1957 alishinda taji la Marekani la wawili wawili, mwanamke na mwanamume, akicheza na Althea Gibson, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon. Enzi zile zawadi ya fedha haikuwepo, hiyo ilikuja mwaka 1968. Lakini mtoto wa Denmark aliyeshika raketi miaka ya 1990 alikuwa na mtu wa kumtaja.

Sasa tusogee nyumbani, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Januari 2004, miaka 14 baada ya Wozniacki, Kenya walizaliwa mapacha wa kike, Angella Okutoyi na ndugu yake Roselida. Mama yao alifariki baada ya kuwazaa. Wakalelewa na bibi yao, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi kwenye shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi, wakaishi hapohapo shuleni. Shule ilikuwa na kiwanja cha tenisi. Mjomba wao akawashikisha raketi wakiwa na miaka minne. Baadaye Angella akapata nafasi kwenye kituo cha kukuza vipaji cha Afrika Mashariki kilichokuwa Bujumbura, hadi machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yalipomrudisha Kenya.

Januari 2022 alicheza Australian Open ya vijana na kuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya wasichana kwenye Grand Slam ya vijana. Julai ya mwaka huo, Wimbledon, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akashinda ubingwa wa wasichana wa wawili wawili: 3-6, 6-4, 11-9. Mwisho ule wa 11-9 ni pointi siyo gemu, ni kama penalti za kwenye mpira. Kenya nzima ilisherehekea.

Hebu sasa tuwaweke sawa. Wozniacki ana kombe la wasichana la Wimbledon la 2006, Okutoyi ana la 2022. Miaka miwili baada ya kombe lake, Wozniacki alikuwa anashinda mataji ya wakubwa. Miaka miwili baada ya kombe lake, Okutoyi alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Auburn, Marekani. Msinielewe vibaya, kusoma ni jambo jema, na njia ya chuo ina heshima yake: Paul Wekesa, Mkenya aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, naye alipitia chuo cha Marekani. Lakini tujiulize kwa nini ni njia hiyo. Kwa sababu chuo kinalipa. Chakula, kocha, viwanja, nauli za mechi, vyote vimo. Chuo ndicho mfadhili wa duara.

Machi 2024 Okutoyi alikwenda Accra kwenye Michezo ya Afrika na kushinda dhahabu ya mmoja mmoja. Dhahabu ile ilikuwa mlango wa Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti: mpaka Juni awe ndani ya wachezaji 400 bora wa dunia. Hakuwa ndani. Bingwa wa bara akabaki nyumbani. Mnaona sasa? Zile pointi za wiki 52 ambazo zilimpa Wozniacki kiti bila kombe, ndizo zilizomnyima Okutoyi tiketi akiwa na medali shingoni.

Na pointi zinanunuliwa kwa nauli. Shindano la chini kabisa la wanawake lina zawadi ya dola 15,000, lakini hizo ni za wachezaji wote kwa pamoja. Bingwa anaondoka na dola elfu mbili na ushee, na anayetolewa raundi ya kwanza anaondoka na fedha ya chakula. Toa tiketi ya ndege, toa hoteli, toa nyuzi za raketi. Mchezaji wa Ulaya anakwenda kwa treni, anacheza wiki tatu katika nchi tatu, anarudi kulala kwao. Wa kwetu anaanza kwa viza.

Nina mfano mmoja wa mwisho, na huu unaniuma kwa namna ya pekee. Katika ile fainali ya Wimbledon ya 2022, mmoja wa wasichana wawili wa Kanada walioshindwa 11-9 aliitwa Victoria Mboko. Jina mnalisikia lenyewe: wazazi wake walitoka Kongo. Yeye alizaliwa Marekani na kukulia Kanada. Mwaka 2025 aliuanza akiwa nje ya 300 bora. Agosti ya mwaka huo, akiwa na miaka 18, alishinda mashindano makubwa ya Montreal, akiwaangusha njiani mabingwa wanne wa Grand Slam, na wa mwisho kwenye fainali alikuwa Naomi Osaka. Wasichana wawili wenye asili ya bara hili walisimama kiwanja kimoja wakatenganishwa na pointi mbili, na aliyeshinda ni wa kwetu. Sisemi kwamba Okutoyi angefika Montreal, tenisi haina uhakika huo. Nasema mmoja alirudi kwenye nchi yenye fedha za kuchimbia, mwingine akalazimika kuzitafuta.

Kwa hapa Bongo, baadhi ya wachezaji wetu wazuri walianza kama waokota mipira pale Gymkhana, Dar es Salaam. Wanaokota mpira wa bwana mchana, jioni wanapiga ukutani kwa raketi ya kuazima. Wamefika timu ya taifa kwa njia hiyo. Huwezi kusema hatuna vipaji. Watu wa kufanya kazi ya ukuta, ya kurudisha kila mpira mpaka mwenzako achoke, wako wengi kuliko tunavyodhani. Yule Wozniacki aliyechekwa kwa uvumilivu wake, Mkwajuni asingechekwa. Pale uvumilivu ni kazi ya kila siku.

Mechi ilipoisha siku ile, kama saa nane na dakika ishirini, yule mzee wa duara alikaa kidogo akimwangalia Wozniacki akilia na kombe. Nikamwambia mzee, hilo lilikuwa jaribio la 43. Akatikisa kichwa. Akasema, "Arobaini na tatu. Mimi mfadhili wangu alinikimbia la tatu."

Kisha mwenye banda akabadilisha chaneli, mpira ukaanza kutangazwa.

Tuonane siku nyingine wadau. Alamsiki.